Mstari wa Chini

Badru Studio,
Kasulu Mjini.
Jumanne, mwishoni mwa Septemba.

Kwa Kaka yangu Saady,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, umekunywa chai, na mguu wa Mama umepunguza uvimbe. Wifi naye anaendeleaje, na wale watoto wenu watundu? Waambie shangazi yao yupo, anakula, analala kidogo. Mimi mwilini sina ugonjwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Hali nyingine utaiona ukiendelea kusoma, na nakuomba uendelee mpaka mwisho hata kama mkono utataka kuikunja karatasi njiani.

Najua umeshangaa. Siku hizi nani anamwandikia mtu barua kutoka Kasulu hadi Kibondo, na lami ipo na basi linafika kabla chai haijapoa? Lakini simu yako naijua, Kaka. Ukipokea tu unaiweka spika ili Mama asikie sauti yangu, na Mama akisikia sauti yangu nitalia, na nikilia presha yake itapanda. Halafu wewe mwenyewe una tabia yako: jambo likikubana unasema mtandao unasumbua. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua hii nimeiweka chini kabisa kwenye kikapu cha migebuka, nimeifunga mara mbili isinuke. Samaki mpe Wifi. Barua isome peke yako, usimsomee Mama.

Habari za huku ni kiangazi tu. Mvua bado hazijaanza, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu mpaka kwenye chumvi. Majirani wote wanakusalimu, bado wanaulizia yule mwalimu wa kompyuta wa Kibondo atarudi lini. Studio nimeifunga. Nasema nimeifunga, sio kwamba nimepumzika. Nimekunja mapazia, nimefunika kamera, na ile kompyuta ipo pale pale mezani, imezimwa, sijaigusa tangu juzi na sitaigusa mpaka utakapokuja. Sababu ndiyo hii ninayokwenda kuieleza.

Wewe unaijua kompyuta ile, lakini niache nianze mwanzo, maana nataka tuwe tunazungumza kitu kimoja. Marehemu mume wangu Badru alikuwa amechoka na kompyuta za dukani, kila akiunganisha picha za harusi zinaganda, bibi harusi anabaki mdomo wazi nusu saa. Ndipo alipomkuta Cyriaque kwenye soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongo mwembamba anayetengeneza simu juu ya meza ya mbao, akiongea peke yake kwa Kifaransa. Wakapatana siku hiyo hiyo. Kompyuta yetu waliijenga wao wawili, vipande vingine vya Kigoma, vingine vya Kariakoo, wakabishana juu ya kila skrubu kama watu waliooana.

Ndani waliweka ram mbili, vile vijiti vya kumbukumbu. Moja mpya, na boksi lake Badru alilihifadhi juu ya kabati kwa majivuno, limeandikwa kasi yake elfu tatu na mia mbili. Ya pili ilikuwa imeshatumika, kasi yake elfu mbili na mia nne. Cyriaque akaziwekea zote mbili mwendo wa ile ya chini. Mimi mbishi, unanijua, nikamuuliza kwa nini anaibana ile nzuri. Akaniambia ni kama watu wawili waliombeba mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya fito: mwenye mbio lazima amfuate wa polepole, la sivyo mgonjwa anaanguka. Prosesa nayo aliipunguza kidogo, kwa ajili ya joto na vumbi na huu umeme wetu unaopanda na kushuka. Alisema hataki izime katikati ya harusi ya watu. Na kweli, miaka yote ile haikuzima.

Badru alipofariki, Cyriaque hakuniacha. Kila akipata kibali cha kutoka kambini alipita kuipuliza vumbi na kuukagua ule ukurasa wa ndani wa mipangilio, ule unaoingia kwa kubonyeza kitufe kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Anasoma mwendo wa prosesa, anasoma mwendo wa ram, anatikisa kichwa, anafunga. Mkewe Anne-Marie alikuwa akija naye, anawapamba maharusi wangu, anawapaka kucha, anacheka mpaka wateja wanasahau kuchelewa kwangu. Baadaye vijana wa wateja walipoanza kubonyeza bonyeza, Cyriaque akaufunga ukurasa ule kwa neno la siri. Alinitajia mimi tu. Sikuliandika popote.

Basi mkaja Idd ya kuchinja, wewe na Wifi na watoto, tukafurahi. Baada ya ninyi kuondoka nikaona kompyuta imekuwa nyepesi ajabu. Kitu kilichokuwa kinachukua asubuhi nzima kilikwisha kabla ya adhuhuri. Nilidhani ni baraka za sikukuu. Nilimpigia Cyriaque kumwambia kompyuta yake inaruka siku hizi, akaniuliza inaruka vipi, nikamcheka. Alisema atakuja kuiangalia akipata kibali. Wakati ule vibali vilikuwa vimebanwa, tangu kabla ya Ramadhani hakuwa amekanyaga Kasulu, na hakufika.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Mzee Saidi. Mzee Saidi huyu wa duka la vitenge na mchele, aliyetuazima viti vyote kwenye msiba wa Badru. Niliipiga mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Mama yake Mzee Saidi, Bibi Mwanaheri, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, wakambeba na kiti chake mpaka uani. Akamwita bibi harusi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu kwa Kiarabu, kisha akageukia Kiha cha kwao, akamwambia "Genda amahoro, mwana wanje," aende kwa amani mtoto wake. Halafu akaimba. Sauti kama ya msichana. Wanawake wote uani walilia, na mimi nyuma ya kamera nililia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Kazi niliifanya kama Badru alivyonizoesha. Nikaingiza picha zote kwenye kompyuta, nikatazama mwanzo, nikatazama mwisho, zote safi, nikafuta kadi za kamera kwa sababu kesho yake nilikuwa na harusi nyingine Kagerankanda. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Kadi hatukuwa nazo za kulaza, na kompyuta ile haikuwahi kutuangusha.

Bibi Mwanaheri alifariki kabla sijamaliza kuunganisha filamu. Mzee Saidi alikuja studio na kanzu ya msibani bado mwilini. Hakunilaumu kwa kuchelewa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake hakupenda kupigwa picha maisha yake yote, kwamba hana hata moja nzuri, na kwamba kitu pekee anachokiomba kwangu ni ile dua na ule wimbo, vipigwe siku ya arobaini wajukuu wasikie. Nikamwambia aondoe shaka. Nikasema hivyo, Kaka, kwa mdomo huu.

Nilipoifungua sehemu ile, uso wa bibi ulitokea kidogo tu, halafu ukavunjika vipande vya kijani na vya zambarau. Mdomo upo huku, jicho limehamia kule. Sauti ilikuwa inasaga kama mashine ya mahindi. Nikafunga, nikafungua tena, kompyuta ikazima. Nikaiwasha, ikazima. Ilipokubali kuwaka, faili likaniambia halifunguki. Nikatafuta kadi, kadi zimeshajaa watu wa Kagerankanda wanacheza. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nahisi nimemuua bibi yule mara ya pili.

Nikakupigia wewe. Nani mwingine ningempigia? Baba alipokufa wewe ndiye uliyenisomesha, wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kumzika Badru. Ukaacha wanafunzi wako Kibondo, ukapanda basi la asubuhi. Cyriaque naye nilimwita, akaomba ruhusa ya haraka akaja na Anne-Marie. Mzee Saidi akaja na wafanyabiashara wenzake wawili. Studio ikajaa, nikakosa hata pa kuweka miguu.

Siku ile umeisahau? Mimi naiona mpaka sasa. Ulivuta kiti, ukawasha kompyuta, ikaandika maneno fulani ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, ukabonyeza haraka yakapita. Ukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Ukawasomea wazee kwa sauti ya mwalimu: ram hii inakwenda elfu mbili mia moja na thelathini na tatu. Kisha ukalishusha boksi la Badru juu ya kabati, ukawaonyesha ile elfu tatu na mia mbili, ukawaambia ram ya marehemu imeng'olewa ikauzwa, ikapachikwa takataka, na takataka ndiyo iliyoharibu filamu. Ukauliza nani mwingine anaifungua kompyuta hii zaidi ya huyu Mkongo.

Cyriaque hakupiga kelele. Alisimama pale mlangoni amekunja kofia mkononi, akasema, "Mie sijaiba kintu. Iyi machine imejirudisha yenyewe chini. Kuko mutu alipandisha vitesse yake." Vitesse kwake ni mwendo. Akaomba apewe bisibisi afungue, waone wenyewe kilichomo. Ukasema ukimpa bisibisi atafanya mazingaombwe. Wazee wakacheka, Kaka. Kicheko kile ndicho kilichomaliza kesi. Mzee Saidi akamwambia asionekane tena mtaa ule, na wenzake wakasema hakuna duka la Kasulu litakalompa hata redio. Anne-Marie alikuwa ameshika brashi yake ya kucha mkononi, hajui pa kuiweka. Mimi nilinyamaza kwa sababu aliyesema ni wewe.

Wakaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Arobaini ikapita bila dua na bila wimbo. Mzee Saidi tangu siku ile ananisalimia kwa kichwa tu.

Neno likafika Nyarugusu kabla hata ya Cyriaque, unajua maneno yanavyosafiri. Kule kambini watu waliokuwa wakimletea simu zao wakaanza kuogopa atawabadilishia vitu vya ndani. Kanisani alikuwa akipiga kinanda, wakamwambia apumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Mtu aliyekimbia kwao akiwa kijana, hana shamba, hana ng'ombe, alichokuwa nacho ni mikono yake na watu kuiamini. Akakaa kwenye kibanda chake hana la kutengeneza. Mwisho akamwambia mkewe anarudi kwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, atatafuta kazi mahali ambako hakuna anayemjua, kisha atamwita yeye na watoto. Anne-Marie alimshika shati. Alimwambia kule bado watu wanakimbia, yeye anakwenda kufuata nini? Akavuka hivyo hivyo.

Alipiga simu mara moja akiwa ameshuka kwenye boti. Tangu hapo simu haipatikani. Baadaye watu wapya waliofika kambini walileta habari kwamba kijiji alichokuwa anakielekea kimevamiwa na kuchomwa. Hakuna aliyemwona akiwa hai, hakuna aliyemwona akiwa maiti. Anne-Marie anawauliza wote wanaofika, mmoja mmoja, kama wamemwona mtu mwembamba, amevaa shati la bluu, kidole kimoja kina kovu la moto wa kuunganishia nyaya. Wanamwambia watu wembamba wenye mashati ya bluu ni wengi.

Juma lililopita alipata kibali cha siku kadhaa akaja kwangu. Nilimwona mlangoni nikajua nitatukanwa, na nilikuwa tayari. Hakunitukana. Aliniuliza kama Cyriaque amenipigia mimi. Nikamwambia hapana. Akakaa kwenye kiti cha maharusi, akaniambia mumewe aliniachia maneno. Alimwagiza aniambie hivi: nifungue kompyuta mimi mwenyewe, nisimpe mtu, nitazame ram kama zina alama nyekundu. Kwamba siku walipoijenga, yeye na Badru walichovya brashi kwenye rangi ya kucha ya Anne-Marie, wakatia nukta kila ram, kama mafundi wanavyofanya ili mtu asije akawabadilishia. Halafu niiwashe, nisome inachoandika kabla ya kubonyeza chochote, niingie kwenye ule ukurasa, na nisiishie mstari wa juu. Nisome na wa chini.

Kaka, nakuomba sasa ukae vizuri.

Nilifungua. Ram zilikuwa mbili, zile zile, kila moja na nukta yake nyekundu imefifia kidogo. Ile mpya ya Badru ipo, maandishi yake elfu tatu na mia mbili yapo ubavuni. Hakuna kilichong'olewa. Hakuna kilichouzwa. Kama siku ile mtu angetumia bisibisi muda wa kunywa kikombe cha kahawa, wote tungeona.

Nikaifunga, nikaiwasha. Maneno ya Kiingereza yakatokea kwenye kioo cheusi, yale yale uliyoyapitisha haraka. Safari hii nilivaa miwani nikayasoma, neno kwa neno. Yanasema kuongeza kasi kumeshindikana. Nikaweka neno la siri, nikaingia. Juu kuna mwendo ambao kompyuta inakwenda sasa hivi: elfu mbili mia moja na thelathini na tatu, kama ulivyowasomea wazee. Chini yake kuna mwendo ambao mtu ameiamuru iende. Pale pameandikwa elfu tatu na mia mbili. Na prosesa nayo imeamriwa kupita hata pale ilipotoka kiwandani. Ndiyo maana iliruka baada ya Idd. Ilikuwa inaruka na huku inaharibu kila kitu inachokibeba, kidogo kidogo, na mimi naisifia. Iliposhindwa kabisa ikajishusha yenyewe kwenye mwendo wa chini kuliko yote ili isife. Cyriaque alituambia hivyo hivyo, amesimama mlangoni, wazee wakacheka.

Sasa nikajiuliza nani aliiamuru. Neno la siri analijua Cyriaque, na Cyriaque hakufika Kasulu tangu kabla ya Ramadhani mpaka siku ile ya wazee. Nalijua mimi, na mimi Mungu shahidi sijawahi kubadilisha kitu mle. Na mtu wa tatu. Siku ya Idd nilikuwa jikoni na vitunguu vya pilau, ukaniita studio, ukaniambia saa ya kompyuta imepotea unataka kuiweka sawa, ukaomba neno la siri. Nikaja na mikono yangu yenye vitunguu nikakutajia sikioni. Saa ya kompyuta, Kaka, inarekebishwa hata na mtoto, haihitaji ukurasa ule. Nimelijua hilo leo.

Ni wewe.

Nimejaribu kila njia ya kuikimbia sentensi hiyo. Nimeitafuta njia usiku na mchana. Nimesema labda ni mtoto wako mkubwa, nikakumbuka watoto walikuwa uani na mbuzi. Nimesema labda umeme. Umeme haujui kuandika elfu tatu na mia mbili. Najua hata kwa nini ulifanya, maana nakujua kuliko unavyodhani. Uliona boksi la Badru juu ya kabati, ukaona kompyuta inakwenda chini ya boksi linavyosema, ukadhani yule Mkongo amemnyima dada yako kasi yake. Ukaiongeza kimya kimya ili mimi mjane nipate nafuu, bila kunitia wasiwasi. Ndivyo ulivyo. Hata ukija kula kwangu lazima urekebishe bawaba ya mlango. Ningekusamehe hilo kabla hujamaliza kulisema. Kosa la mkono wa mtu anayenipenda, ningelibeba, ningekwenda mimi kwa Mzee Saidi kupiga magoti.

Lakini siku ile ya wazee ulikuwa umekaa mbele ya kioo. Mistari miwili imeandikwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini, hapana hata nafasi ya kidole kati yake. Wewe unafundisha watu kompyuta. Ulisoma wa juu kwa sauti, ukanyamaza. Nimekaa mbele ya kioo kile kile nikajaribu kuusoma wa juu bila kuuona wa chini. Haiwezekani, Kaka. Nimejaribu mara nyingi, haiwezekani.

Nieleze. Uliogopa nini? Kwamba wazee watakucheka? Kwamba Mama atasikia? Ungesema tu kwamba ni wewe uliyegusa, hukujua ram ya pili ni ya polepole. Mzee Saidi angekasirika, angenung'unika mwezi mzima, basi. Cyriaque angeirudisha kama ilivyokuwa, angekunywa chai, angerudi kambini na mkewe kabla ya saa ya kibali kwisha. Leo angekuwa anapuliza vumbi hapa.

Sijui nifanye nini. Nasema kweli, sina hali. Nikiamka asubuhi kitu cha kwanza ninachokiona ni kofia ile mkononi mwake. Badru akiniuliza kesho mbele ya Mungu rafiki yangu ulimfanyaje, nitamjibu kaka yangu alikuwa anaongea? Nasali, na katikati ya sala najikuta nasoma namba.

Njoo Kasulu. Njoo uwaite Mzee Saidi na wale wenzake wawili, uwakalishe pale pale walipokaa, uwashe kompyuta uwasomee mstari wa chini kwa sauti ile ile uliyosomea wa juu. Sijaubadilisha, upo vile vile ulivyouacha. Kisha twende wote Nyarugusu, useme na kule, mbele ya kanisa lao. Usipokuja kabla ya kibali kijacho cha Anne-Marie nitasema mimi, na utakuwa umeniachia nilivunje jina la ukoo wetu kwa mdomo wangu mwenyewe. Najua hata ukija, hata ukisema ukiwa umepiga magoti, hakuna atakayemfikishia Cyriaque. Hilo ndilo linaloniua. Tunakwenda kulisafisha jina ambalo labda halina tena mtu.

Anne-Marie bado sijamwambia. Nilipozima kompyuta aliniuliza nimeona nini, nikasema nimeziona nukta zake, mumewe hakuiba. Alilia kwa furaha, akanikumbatia. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Yaliyobaki ni yako kuyasema.

Naishia hapa maana kondakta anaondoka asubuhi. Nisalimie Wifi, nisalimie watoto wote. Mama mpe mkono, mwambie dawa za mguu nimeziagiza Kigoma. Yule jirani wa cherehani anakusalimu.

Na Anne-Marie anakusalimu. Yupo hapa karibu yangu anapepeta maharage, ameona naandika akauliza nani, nikamwambia kaka yangu wa Kibondo. Amefurahi. Amesema niandike kwa maneno yake: "Umwambie yaya Saady asante sana." Yaya kwao ni kaka mkubwa. Anakumbuka siku ile Mzee Saidi alipotaka Cyriaque apelekwe polisi, wote walikubali, wewe peke yako ukasimama ukakataza, ukasema haina haja, aachwe aende. Anasema kila siku anakuombea kwa Mungu wake, kwa sababu katika watu wote waliokuwa mle ndani, wewe peke yako ndiye uliyemwonea mumewe huruma.

Mdogo wako,
Kuruthumu.